Kadi ya Kipa kwa Jumamosi Moja

Mwezi uliopita Rukia alikuja kula kwangu. Ilikuwa imepita miaka ishirini na kitu tangu tulipoonana mara ya mwisho. Alikuwa amekuja kutoka Toronto kwa harusi ya mtoto wa dada yake, akanitafuta kwa watu wa msikitini, wakampeleka kwa watu wa kanisani, mpaka akapata namba yangu. Nilimpikia sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na samaki mkavu, akala kwa mkono, akaomba tena. Nyumba yangu ya Longbridge, hapa Birmingham, ni mpya, imejengwa pale palipokuwa kiwanda cha magari, na dirisha la jikoni linatazama maegesho ya maduka. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alimuuliza tulijuana vipi. Rukia akalamba kidole, akasema, "Mama yako alinikalia mgonjwa siku moja, nikapata kupumua. Nikamlipa kadi ya hoki." Binti yangu akacheka, "Hockey? Mum?" Rukia akamwapia wallahi, wakaingia katika mazungumzo mengine. Alisema nusu iliyo nzuri na nusu ya pili akainyamazia. Sijui kama alininyamazia kwa huruma au alitaka niiseme mwenyewe. Alipoondoka niliosha sahani zetu taratibu, nikakaa mezani nikaanza kuandika haya.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi mtaa wa Aston kwa dada yangu Esta, katika nyumba moja ya safu ndefu ya nyumba za matofali zilizoshikana. Chumba cha mbele, ambacho kwa majirani kilikuwa sebule, ndicho nilicholala mimi na watoto wake wawili, vitanda vitatu kama herufi U, na katikati nafasi ya mtu mmoja kusimama na kuvaa. Nilikuwa nimeomba kukaa katika nchi hii na nilikuwa nasubiri jibu. Mpaka jibu lije sikuruhusiwa kufanya kazi, na kila baada ya wiki mbili nilikwenda kutia sahihi kwamba bado nipo. Mtu wa posta alipita kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Nilisimama nyuma ya mlango na kikombe cha chai mkononi, nikisikiliza vifuniko vya matundu ya barua vikilia nyumba kwa nyumba, vikisogea, mpaka kilie chetu au kiache kulia. Dada aliporudi kutoka kazini aliuliza kabla hajavua koti, "Haiyafika?" Nilijibu, "Bado, Yaya," kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa. Akasema, "Bon," akaenda kuweka maji ya bugali jikoni. Kuta zilikuwa nyembamba. Usiku mmoja nilimsikia mumewe, Baba Gloria, akimuuliza kwa sauti ya chini, "Sasa huyu mutoto ataikala hivi mpaka lini?" Dada akajibu, "Mpaka barua. Unataka nimutupe wapi?" Baba Gloria hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayepanga foleni ya choo nyumbani kwake mwenyewe. Lakini usiku ule nililala nimejikunja ukutani, nikijitahidi kuchukua nafasi ndogo.

Kadi za hoki alianza kuzileta kaka yangu Dido. Yeye alikuwa amepelekwa Kanada kutoka kambi ya wakimbizi, akafanya kazi katika kiwanda cha nyama kwenye mji wenye baridi ambayo hakujua kuieleza. Kwenye simu alikuwa mtu wa maneno matatu, na barua hakuandika. Badala yake alinunua pakiti za kadi kwenye kituo cha petroli na kunitumia kwa bahasha, kadi nane au kumi, kila moja na picha ya mtu mkubwa mwenye kofia ngumu, ameinama juu ya barafu na gongo mkononi, na nyuma yake jedwali la tarakimu. Pamoja nazo aliweka karatasi ndogo: "Hapa watu wote wanazungumza huu mchezo. Jifunze, kisha unielezee." Basi nilijifunza. Sikuwa na kazi nyingine. Nilizipanga kitandani kwa rangi ya fulana, kwa mkono anaoshikia gongo, kwa urefu, kwa mwaka wa kuzaliwa. Nilijua nani amezaliwa kijiji gani cha Finland kabla sijajua kile wanachokigombania ni kisahani cheusi cha mpira. Nilidhani ni jiwe.

Asubuhi moja ya Machi nilikuwa naanika nguo za watoto nyuma ya nyumba, upepo mkali, na nilikuwa na kadi tatu kwenye mfuko wa sweta. Nilipoinama moja ikachomoka, ikapita chini ya uzio wa mbao hadi kwa jirani. Majirani wale niliwajua kwa sauti tu: mwanamume mwenye gari la mizigo, kikohozi cha mtu mzima, na mwanamke kijana aliyekuwa akiimba kwa Kiingereza halafu anakatisha ghafla. Nikasikia huyo mwanamke akipiga kelele, "No way!" Kisha jicho likatokea kwenye ufa wa mbao. "Nani anakusanya? Weye? Hii umeipata wapi?" Nilimwambia kaka yangu yuko Kanada. "Mie nimekulia Kanada," akasema. "Huyu bwana unamjua? Huyu ni mwizi huyu, alitukosesha kombe. Nipe, nitakupa wawili." Ndivyo nilivyokutana na Rukia. Kabla hatujaambiana majina tulikuwa tumebadilishana kadi kupitia ufa wa uzio, yeye akichomeka zake mbili kwa ncha za vidole, mimi nikizivuta kama mtu anayetoa pesa benki.

Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Wazazi wake walikuwa Wazanzibari waliohamia Toronto, na kule shuleni watoto walibadilishana kadi hizo kila mapumziko. Aliolewa Birmingham na Yusuf, ambaye familia yake iliuza vitambaa, na miezi minne baada ya harusi mama yake Yusuf akapigwa na kiharusi. Yusuf alikuwa akienda London kuuza sokoni kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na siku nyingine akizunguka kwa wateja. Dada zake walikuwa mbali. Kwa hiyo Rukia, bibi harusi wa juzi, alibaki na mgonjwa ambaye hakuweza kuachwa hata dakika kumi, kwani mara moja alijaribu kushuka kitandani peke yake akavunjika mkono. Toka siku hiyo Rukia hakutoka nje isipokuwa kutupa taka. Alikuwa akiagiza hata chumvi. "Weye unangoja barua," aliniambia, "angalau barua huja. Mie nangoja nini? Nikisema nangoja, si nimemwombea kifo?" Akatazama chini haraka, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyelisema neno lile.

Nilianza kwenda kwao kila siku baada ya mtu wa posta kupita, nikipitia kichochoro chenye giza kilichokuwa nyuma ya nyumba zetu. Dada alinung'unika, "Unakwenda kule tena? Na nguo za watoto nani anapiga pasi?" lakini aliniacha. Bi Zuhura, mama yake Yusuf, alilazwa katika chumba cha mbele, kama mimi, upande wa pili wa ukuta wangu. Vichwa vya vitanda vyetu vilitenganishwa na tofali moja. Chumba kilinukia karafuu na dawa ya kusugua viungo, hita imefunguliwa mpaka mwisho, pazia la wavu dirishani, kiti cha choo kimefunikwa kanga kwa heshima. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yake yote yamekwenda, isipokuwa mawili, "sivyo" na "bado". Lakini macho yalikuwa ya mwanamke aliyeuza vitambaa miaka thelathini. Tulipanga kadi zetu juu ya blanketi lake, mimi upande wa miguu, Rukia ubavuni, naye akawa hakimu. Rukia akisema, "Huyu kwa wako wawili," Bi Zuhura alitazama kadi, akatutazama sisi, akasema, "Sivyo." Nikiongeza wa tatu: "Bado." Nikiongeza wa nne alipiga blanketi kwa kidole cha mkono wa kushoto, na biashara imekwisha. Hakujua hata mmoja wa wale watu. Alijua nani kati yetu anataka zaidi, na mwenye kutaka zaidi alimfanya alipe. Saa saba Rukia alimlisha ndizi zilizopondwa kwa maziwa, sisi tukila mkate wa kumimina na chai ya iliki, na kwa saa ile moja nilisahau tundu la barua.

Kadi moja Rukia hakuiweka kamwe kwenye blanketi. Ilikuwa ya kipa, ya mwaka wake wa kwanza kucheza, ndani ya kibweta cha plastiki, uso umefichwa na kinyago chenye michoro ya chui. Baba yake alimnunulia alipokuwa na miaka kumi, na baba alikuwa ameshafariki. Nilimwomba mara nyingi. Nilimpa kadi kumi, nikampa ishirini. Alicheka tu.

Mwanzoni mwa Novemba nilisikia usiku, kupitia tofali lile, Yusuf akimbembeleza. "Vumilia kidogo, Rukia." Naye akauliza, bila kupandisha sauti, "Kidogo ni kiasi gani, Yusuf? Nionyeshe kwa mkono."  Kesho yake nilipofika, kadi ya kipa ilikuwa juu ya blanketi. "Nipe Jumamosi moja," Rukia akasema. "Toka saa sita mpaka saa kumi. Kuna mechi ya magongo kwenye uwanja wa barafu, nataka niisikie ile barafu inavyokwaruza, nirudi. Mama amekuzoea. Yusuf yuko London, hana haja ya kujua." Nilimtazama Bi Zuhura nikisubiri "sivyo". Alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, halafu akapiga kidole.

Jumamosi hiyo timu ya mpira ya mtaa wetu ilikuwa inacheza nyumbani. Kuanzia saa saba barabara ilijaa watu wenye skafu, farasi wa polisi wakapita chini ya dirisha, na Dada, ambaye aliogopa umati wowote, alikuwa amenikataza kutoka siku za mechi. Nilimwambia nakwenda mlango wa pili tu, na kwamba nitarudi kabla ya saa kumi na moja, maana yeye alikuwa anaingia kazini na watoto ningebaki nao mimi. Nilimlisha Bi Zuhura. Nilimweka kwenye kiti cha choo na kumrudisha, naye alifumba macho wakati wote ili mimi nisione aibu. Tulisikiliza uwanja: ngurumo moja ndefu, kisha kimya, kisha mluzi wa maelfu ya watu wakilalamika. Saa kumi ikafika. Giza likaanza kuingia. Saa kumi na nusu nilisimama dirishani, na baadaye umati ukarudi ukiimba. Saa kumi na moja Dada aligonga mlango amevaa sare ya kazi, Gloria na mdogo wake wamemshika mikono. "Eko wapi mwenye nyumba?" Nikasema anakuja. Akatazama ndani, akamwona mgonjwa, akanitazama mimi. "Weye hauna papier, unaikala na mugonjwa wa watu peke yako? Akifa je?" Akawaingiza watoto, akaondoka karibu akikimbia.

Niliwapa watoto kadi wacheze sakafuni. Nikarudi dirishani. Nilikuwa nimeshaanza kuelewa: begi kubwa alilotoka nalo Rukia halikuwa la kwendea mechi. Nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuijua, nzito, ya kuvutwa kutoka mbali. "Kaondoka." Niligeuka. Bi Zuhura alikuwa amenyanyua shingo kutoka kwenye mto. Nikasema, "Anarudi, Bi Zuhura. Amechelewa basi." Akatikisa kichwa. Alifunga macho, uso ukakunjamana kama mtu anayenyanyua gunia, akasema, "Afadhali." Machozi yalikuwa yakimtoka upande mmoja tu, ule ulio hai. Alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, akanivuta karibu mpaka nikasikia pumzi yake, akatoa neno la tatu. "Mwambie." Nikaitikia kwa kichwa.

Rukia aliingia saa moja kasoro robo. Hakuvua viatu. Alikwenda moja kwa moja kumgusa mama mkwe paji la uso, akakagua shuka, akakagua dawa, kisha akaja jikoni nilikokuwa nachemsha maziwa ya watoto. "Barafuni nilifika," akasema. "Nikakaa robo saa. Halafu nikapanda treni ya uwanja wa ndege, pasipoti mkononi. Nimekaa mbele ya ule ubao wa safari, Neema, nimeisoma Toronto mpaka ikafutika." Nikamuuliza kwa nini alirudi. Akanitazama kama vile swali lile ni la kipumbavu. "Mama akizidiwa, wataita gari la wagonjwa. Wataandika nani alikuwa naye. Weye unangoja barua. Ningekuachia hilo?" Kisha akanisukumia kadi ya kipa kifuani. "Chukua. Deal ni deal."

Hapo ndipo ningemwambia. Maneno matatu tu, na nilikuwa nimeyabeba bado ya moto. Lakini nilimtazama, nikaona kitakachofuata: ataingia chumbani, atamuuliza mama mkwe, atalia, na baada ya wiki atakuwa amekwenda, safari hii kwa kuaga. Na mimi nitabaki na vitanda vitatu na tundu la barua. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho yake nikajiambia mgonjwa aliweweseka. Baada ya wiki ikawa vigumu kueleza kwa nini nilichelewa wiki nzima, na hivyo ndivyo majira ya baridi yalivyopita. Watu hufikiri mtu aliyefungiwa humhurumia mwenziwe aliyefungiwa. Mimi nilimshika mguu.

Bi Zuhura alijua. Tulipopanga kadi alikuwa ananitazama mimi tu. Siku moja ya Januari alijaribu mwenyewe. Rukia alikuwa anamfuta mdomo, na mama akamshika kanga, akaanza, "Af... af..." Uso ukawa mwekundu. "Alfajiri, Mama? Unataka kusali?" Rukia akauliza. "Sivyo." "Afya? Daktari?" "Sivyo, sivyo." "Maji?" Akakimbia jikoni kuleta maji. Mama akageuza macho kwangu. Nilikuwa nimekaa miguuni pake na kadi sita mkononi, na nilizitazama zile kadi, nikasoma tarakimu za nyuma moja baada ya nyingine, mpaka Rukia akarudi na glasi. Bi Zuhura akanywa. Toka siku hiyo hakupiga tena kidole kwenye blanketi. Tulibadilishana bila hakimu, na biashara ikapooza.

Barua yangu ilikuja Aprili. Ilikuwa bahasha nyembamba, nikaisoma mara tatu nimesimama mlangoni, na mara ya tatu ndipo nikaelewa kwamba nimekubaliwa. Dada alipiga vigelegele mpaka mtu wa posta akageuka mwisho wa barabara. Jioni ile Baba Gloria alinunua kuku wawili, akanipa paja, akaniita Mademoiselle. Nilikula huku nikijua kwamba sasa sina kisingizio. Nilikuwa huru kwenda popote, kwa hiyo upweke haukunitisha tena, kwa hiyo sasa ningeweza kuwa mwema. Nimejaribu miaka mingi kuipanga upya hiyo sababu ili isikike vizuri, na haijakubali.

Asubuhi nilipita kichochoroni. Rukia alinikumbatia, akacheza na barua yangu kichwani, akataka kukaanga maandazi. Nikamwambia akae. Nilimwambia yote: kaondoka, afadhali, mwambie. Alinisikiliza mikono yake ikiwa na unga. "Lini?" akauliza. Nikasema Jumamosi ile. Alihesabu kwa vidole, taratibu, akiacha alama za unga mezani. "Miezi mitano." Kisha sauti yake ikashuka sana. "Siku ile ya maji. Ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Niliogopa kubaki peke yangu," nikasema.

"Na mie nilikuwa na nani?"

Alipangusa unga mikononi. Alinyoosha mkono. "Ilete." Nilijua anachotaka. Nilikwenda nyumbani nikaichukua kadi ya kipa chini ya godoro, nikamletea, akaitia mfukoni mwa gauni bila kuitazama. Kisha akaingia chumba cha mbele, akapiga magoti kando ya kitanda, akauliza, "Mama, kweli? Niende?" Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa nimesimama ukumbini.  Bi Zuhura alimvuta Rukia kichwa mpaka kifuani kwake kwa ule mkono mmoja, akakikandamiza hapo.

Yusuf alipoambiwa hakupiga kelele. Nilimsikia kupitia ukuta, usiku wa siku ya pili, akilia kwa kwikwi kama mtu anayejifunza. Wiki tatu baadaye alilibeba sanduku la Rukia mwenyewe mpaka kwenye gari. Alikuwa ameacha soko la London, na dada yake mmoja alikuwa ameahidi kuja kusaidia, lakini siku ile alikuwa hajafika, na kutoka Birmingham hadi uwanja wa ndege wa London na kurudi ni mchana mzima. Rukia alikuja kugonga kwetu. Alikuwa amevaa koti ambalo sikuwahi kuliona, kwa sababu sikuwahi kumwona akiwa na pa kwenda. "Mtu wa kukaa na Mama hatuna," akasema, akitazama juu ya bega langu. "Utakaa?"

Nikakaa. Sikusikia gari likiondoka, maana Bi Zuhura alikuwa anataka kugeuzwa ubavu. Nilimgeuza, nikamponda ndizi, nikamfuta, nikamsimulia habari za kaka yangu na mashine za nyama. Hakuniambia "sivyo" wala kitu kingine chochote. Yusuf alirudi jioni, akanishukuru, akasema dada yake anakuja Jumatatu. Alikuja kweli, na alikuwa mwanamke hodari. Hata hivyo Jumanne nilipita kichochoroni nikagonga, na Jumatano pia. Nilikuwa na karatasi ya kunipeleka kokote, na Dada kila jioni aliniuliza nitaanza lini kutafuta kazi. Kiangazi chote kile nilikuwa kwenye kile chumba cha joto, kuanzia saa tano mpaka saa kumi, mpaka ilipofika wiki moja ya Agosti ambapo Bi Zuhura, bila kunitazama, alinyoosha mkono wake wa kushoto juu ya blanketi, akauacha pale nilipoweza kuushika.